Ijumaa Walipokuja Kunizika

Mimi ni mtu wa nusu. Form three niliiacha katikati ya muhula wa pili, na jiometri seti yangu bado iko kwa dawati la nyuma kama haijaibwa. Nikaenda ususi. Nikasuka kichwa nusu, mwenye kichwa akasema anaenda lunch, kurudi hakunipata. Computer nilisoma packages tatu kati ya saba, ndiyo maana naweza kuandika barua ya kuomba kazi lakini siwezi kuiprinti. Driving nilifika mpaka somo la kurudi nyuma. Nilirudi nyuma, nikaangusha ukuta wa choo cha mwalimu, na mwalimu alikuwa ndani. Mama yangu akiulizwa habari ya watoto wake husema, "Wa kwanza ni mwalimu, wa pili ni nesi, huyu wa tatu anaendelea." Nimeendelea miaka kumi.

Kwa hivyo nilipojiandikisha kozi hapa Doha sikumwambia mtu. Mchana mimi ni askari wa mlango wa mall, ile kazi ya kusimama masaa kumi na mawili ukiambia watu choo kiko upande ule. Jioni tatu kwa wiki nilikuwa napanda basi kutoka Najma mpaka Al Rayyan, kwa chuo kidogo ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia, kusomea social media marketing. Yaani kuuza vitu kwa mitandao. Mtu mmoja tu ndiye alijua, rumeti wangu Mganda anayefanya kazi hotelini, na yeye alijua kwa sababu chumba chetu ni kidogo, ukificha kitu unakificha mfukoni mwa mwenzako.

Nilijiapia kwamba hii nitaimaliza. Hata kama ni kozi ya kufunga viatu, nataka siku moja nishike karatasi yenye jina langu na neno "amehitimu." Hiyo tu ndiyo nilikuwa nataka.

Softiboli iliingia kwa mlango wa nyuma. Chuo chetu kilikuwa na timu ya wanawake kwa ligi ya Ijumaa, karibu wote Wafilipino, watu ambao wamezaliwa na glavu mkononi. Mchezo unataka watu tisa na wao walikuwa wanane. Siku moja kapteni alinipata kwa ngazi, mama mfupi ana sauti ya kengele ya shule, akaangalia mikono yangu vile watu huangalia mbuzi sokoni.

"Umewahi kucheza softiboli?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Sana," nikamwambia.

Ukweli ni kwamba primary nilicheza rounders na ubao wa kitanda, na zaidi ya hiyo nilikuwa bingwa wa kati. Kama hujui kati, ni mchezo wa wasichana wa Kenya: mmoja anasimama katikati, wawili wanamtupia mpira kutoka pande mbili, na wakimgonga ametoka. Basi siku ya kwanza ya mazoezi, mpira ukaanguka karibu yangu, kapteni akiwa anakimbia kuelekea besi, kile kituo cha kukimbilia. Kwa softiboli unatakiwa umtupie mwenzako aliye kwa besi. Mimi nikafanya vile damu yangu iliniambia. Nikamlenga kapteni. Nikampata hapa, katikati ya mabega, akaenda chini na vumbi likapanda.

"Ametoka!" nikapiga kelele, mikono juu.

Hakuna mwenye alisherehekea. Kapteni aliinuka polepole, akajikung'uta, akaja mpaka pua yake ikafika kwa kifua changu.

"Dada, huu si mchezo wa kuua watu."

"Sorry, kapteni."

"Lakini mkono uko." Akajishika mgongo. "Mkono uko, bwana. Njoo Ijumaa."

Hivyo ndivyo nilipata namba. Uwanja wetu ulikuwa Al Thumama, kipande cha mchanga mgumu karibu na airport, ndege zinapita chini mpaka unaweza kuhesabu magurudumu. Msimu mzima mimi nilikuwa nasimama nyuma kabisa, mahali mpira huja mara mbili kwa mwaka, na ikifika zamu yangu ya kupiga, mrushaji wa ile timu nyingine alikuwa anapumzisha bega. Nilikuwa napiga hewa. Nimepiga hewa ya Doha mpaka ikabadilika msimu, ikaacha kuwa ya moto ikawa ya baridi. Lakini nilipenda Ijumaa ile. Mtu anayesimama mlangoni siku sita anafurahi kuambiwa kimbia.

Sasa, mwalimu wa kozi. Alikuwa mama wa Kilebanoni, ana miwani miwili, mmoja wa kusoma na mwingine wa kutudharau. Alipofika mradi wa mwisho alivaa ule wa pili.

"Laiki sitaki," akasema. "Wafuasi sitaki. Najua mnaweza kuamsha binamu zenu wote wabonyeze kidole. Kila mmoja wenu achague kitu cha kweli, afungue peji, na kabla kozi iishe aniletee watu ishirini. Watu wenye miguu. Nitakuja mwenyewe na karatasi, nitauliza mmoja mmoja: umekuja kwa sababu gani? Akisema ni peji, nahesabu. Watu ishirini, unahitimu. Kumi na tisa, tutaonana mwaka ujao."

Mwenzangu mmoja alichagua mkahawa wa dada yake. Mwingine akachagua kinyozi. Mimi nikachagua timu ya softiboli, kwa sababu ndiyo kitu pekee nilikuwa nacho, na nikafikiria ishirini si watu wengi, hata matanga ya jirani hupita hapo.

Nikatengeneza peji. Nikaweka picha ya mpira. Nikaweka picha ya glavu. Nikaweka picha ya mpira ndani ya glavu. Wiki sita, watu walioitikia ni rumeti wangu, na yeye alikuwa anaitikia tukiwa kitanda hiki na hiki, namwona kabisa akifanya kwa huruma. Kwa viti vya uwanja alikuwa anakuja bwana ya kapteni na mtoto wake, na hao si wa peji, hao ni wa ndoa.

Zikabaki mechi mbili msimu uishe, na kozi iishe nayo. Nikaingiwa na baridi. Nikarudi kwa daftari nikasoma kila kitu mwalimu alikuwa amesema. Weka uso wa mtu, watu hupenda nyuso. Basi nikataka kuweka sura za timu, lakini mwalimu alikuwa ametuonya vikali, nchi hii usimpige mtu picha bila ruhusa yake, na wenzangu walikataa, waajiri wao wasijue wana nguvu za kukimbia. Ikabaki sura yangu. Punguza rangi, mwalimu alisema, picha isiyo na rangi ina heshima. Nikaondoa rangi. Tumia nafasi tupu. Nikaweka mawingu nyuma. Weka nembo. Nembo ya timu yetu ni ndege mweupe amefungua mabawa, nikamweka juu ya bega langu. Ongea lugha ya mteja wako. Wateja wangu walikuwa Wakenya na Waganda wa hapa, kwa hivyo nikaandika Kiswahili, tena maneno machache, vile alifundisha. Chini ya uso wangu unaotabasamu kidogo nikaandika mwezi msimu ulianza na mwezi unaisha, katikati kastari kadogo. Halafu:

"Safari imefika mwisho. Njooni tumsindikize pamoja. Ijumaa, saa tisa mchana, Al Thumama."

Wewe Mkenya unayesoma hapa umeshaona. Mimi sikuona; wa kusindikizwa nilimaanisha ndege wa timu. Nilimwonyesha rumeti wangu akiwa anapiga pasi yunifomu.

"Nyabo, uko mzuri sana," akasema. "Kama malaika."

Nikapost saa kumi na moja asubuhi, nikaingia basi ya kazini. Kazini simu inafungiwa kabatini mpaka jioni. Nikasimama mlangoni masaa kumi na mawili nikiwa na furaha, naelekeza watu choo kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Jioni nikafungua kabati. Simu ilikuwa moto. Sijui ilikuwa inatetemeka tangu saa ngapi, ilikuwa imejisogeza yenyewe mpaka kona. Nikaona mia. Nikaona mia nyingine. Peji imesambazwa kwa grupu la familia, grupu la kijiji, grupu la shule, grupu la Wakenya wa Doha, na grupu moja la watu wa kufuga kuku ambalo hata sijui niliingiaje. Nikajua nimekuwa bingwa wa dunia. Niliruka pale mbele ya makabati. Halafu nikaanza kusoma komenti.

"Pumzika kwa amani dada."

"Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

"Gulf inamaliza watoto wetu."

Mwalimu wangu wa class seven aliandika kwamba nilikuwa mwanafunzi mtulivu na mwenye bidii. Huyo ni mwanamume aliyenifukuza darasani kila Jumanne. Yule niliyemwacha na nywele nusu aliandika, "Mikono yake ilikuwa na kipaji, tutaikumbuka." Jamaa mmoja aliyeniacha bila kwaheri akaandika kwamba alikuwa anapanga kuja kunioa Desemba. Nilisimama hapo nikisoma sifa zangu, na nitasema ukweli, kabla sijashtuka vizuri nilisoma kama kumi hivi kwa sababu zilikuwa tamu.

Halafu nikaona simu zilizokosa kupokelewa, zote za mama. Nikampigia.

"Haloo, nani?" Nyuma yake nilisikia watu wengi na sufuria.

"Ni mimi, Mum."

"Wewe nani?"

"Mtoto wako wa tatu."

Halafu sauti ikawa kali. "We msichana wa watu, kama umeokota hiyo simu, irudishe kwa balozi. Usicheze na mama aliyefiwa."

"Mum, ni mimi! Sijakufa!"

"Niambie kitu mimi na yeye tu tunajua."

Nikafikiria haraka. "Ule mwaka wa harusi ya shangazi, paja la kuku lililopotea kwa sufuria ya wageni si paka alikula."

"Nilijua!" akapiga kelele. "Nilijua ni wewe! Paka wa watu alichapwa bure!" Halafu akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na supavaiza wangu akapita akatuangalia, mimi na simu, akaenda zake.

"Sasa mbona umejitangaza umekufa?"

"Ni tangazo la mchezo, Mum. Softiboli."

"Mchezo gani una njiwa na mawingu?"

"Niko shule. Nasomea matangazo. Kozi."

Hapo ndipo alijua, na siyo vile nilikuwa nimepanga ajue. Nyuma mtu aliuliza kama viti viongezwe.

"Washa video," akasema. "Simama. Geuka. Cheka kidogo. Ngoja shangazi akuone." Shangazi akaniona, akapiga nduru, nyumba yote ikapiga nduru. "Sasa mimi hawa watu nitawaambia nini? Wengine wametoka mbali. Chai iko jikoni, kuku wawili washachinjwa."

"Waambie ni mimi nimewaalika."

"Usiniletee mchezo. Hiyo kozi inaisha lini?"

"Wiki mbili."

"Utamaliza ama?"

Nikamwambia basi imefika.

Kosa la pili nililifanya papo hapo. Nilitoa lile tangazo, nikaweka lingine, lenye rangi zote zilizoko kwa simu, limeandikwa "MIMI NI MZIMA." Lilipata laiki sita. Kifo changu kilikuwa kimezunguka dunia na uhai wangu ulikuwa umekwama Najma. Watu walikuwa tayari wamepiga picha ya lile la kwanza, na huko kwa magrupu liliendelea kutembea bila mimi.

Ijumaa ikafika. Tulikuwa tunacheza na timu ya maofisi fulani, mabinti wana viatu vya misumari na meneja mwenye filimbi. Mwalimu alikuwa amekuja na karatasi yake, amekaa kwa kiti cha kwanza, kofia kubwa, kalamu tayari, kando yake bwana ya kapteni na mtoto. Nilimwepuka. Ilikuwa zamu yangu ya kupiga. Nimeshika lile rungu, nimeshapiga hewa mara moja, ndipo nikasikia mlango wa basi.

Nikageuka. Walikuwa wanashuka. Kwanza kumi, halafu ishirini, halafu nikaacha kuhesabu. Nguo nyeusi, leso nyeusi, kina mama wa kanisa, madereva, maaskari wenzangu wawili, kwaya nzima ya Ijumaa asubuhi ikiwa na ngoma. Mbele yao alitembea mwenyekiti wa watu wetu hapa Doha, mzee mpole ambaye tukipata msiba ndiye anaandika majina. Alikuwa amekumbatia daftari kifuani. Alivuka mstari mweupe wa uwanja, kofia mkononi, akamfikia kapteni aliyekuwa besi ya kwanza.

"Pole sana, mama," akamwambia kwa Kiingereza cha upole. "Tunatafuta familia ya marehemu."

Kapteni hakuelewa. Mzee akamwonyesha ile picha kwa simu. Kapteni akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha.

"Huyu?" akasema. "Huyu ndiye yule pale. Anapiga vibaya, lakini yuko."

Mzee akageuka. Tukaangaliana. Nilikuwa na rungu begani na kofia ya plastiki kichwani, na sikujua mtu hufanya nini akikutana na waombolezaji wake. Nikampungia mkono.

Mama mmoja wa kwaya alikaa chini mchangani hapo hapo. Mwingine akaanza kuimba wimbo wa ushindi, mwenzake akamvuta sketi. Mzee alinikaribia akanigusa bega kwa kidole kimoja, kama anayejaribu pasi kama imeshika moto.

"Dada," akasema.

"Baba, nisamehe. Ilikuwa tangazo la mechi."

"Dada, sisi tumeomba off."

Hapo ndipo niliona uzito wa jambo. Wewe uliyefanya kazi Gulf unajua, off si kitu ya kuchezea. Mmoja wa wale maaskari akaja karibu, amekasirika mpaka masikio.

"Mimi nimeambia mudir, bosi wangu, nimefiwa na dada yangu. Dada wa damu! Mudir amenishika mkono, ameniambia pole. Sasa nikirudi saa hii ataniuliza mazishi yameishaje kwa nusu saa?"

"Na mimi nilisema mazishi yataisha jioni," mwingine akasema.

"Mimi nililia mbele ya HR."

Wakaangaliana. Hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda. Mzee akafikiria, akafunga daftari.

"Basi tukae," akasema. "Tumekuja kumsindikiza, tumsindikize."

Wakakaa. Viti vyote vikajaa nyeusi. Na watu wetu wakikaa mahali pamoja na ngoma hawawezi kunyamaza. Nilipopiga hewa tena walipiga kelele kama nimefunga bao. Kuna mtu aliuliza, "Hiyo ni nzuri?" mwingine akamjibu, "Sijui, lakini yuko hai, piga makofi." Ndege zikipita walikuwa wanapunga mkono. Tulishindwa mechi vibaya sana na ile timu nyingine ilitoka ikiuliza kama wanaweza kubadilishana mashabiki.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa mwalimu. Alikuwa anapita kiti kwa kiti, anaandika, uso unang'aa. Nilijua ameshapita ishirini zamani. Nikaanza kuona ile karatasi yangu. Niliiona kwa fremu, kwa ukuta wa mama, karibu na kalenda. Ningenyamaza tu.

Lakini mwalimu alifika kwa yule mama aliyekaa mchangani, akamuuliza kama alivyouliza wengine, umekuja kwa sababu ya peji?

"Ndiyo," yule mama akasema. "Tuliona amekufa."

Mwalimu akainua kichwa. Akaniita kwa kidole. Akabadilisha miwani.

"Hawa watu," akasema polepole, "walikuja kuona softiboli, au walikuja kukuzika?"

Ningeweza kumwambia kitu. Mimi ni mtu wa maneno. Lakini nyuma yake mwenyekiti alikuwa ananiangalia, mzee aliyeacha kazi yake akavaa suti ya mazishi kwa sababu msichana asiyemjua amekufa ugenini.

"Kunizika, mwalimu."

Akachukua kalamu akapiga mstari mmoja mrefu kwa karatasi yote.

"Ijumaa ijayo ni ya mwisho," akasema. "Ishirini. Wakijua uko hai."

Nilirudi Najma nikilia. Rumeti wangu alikuwa amekuja uwanjani na yeye, ameona yote. Alinunua karak mbili kwa bakala, duka la chini, akanipa moja, akakaa kitandani pake.

"Banange," akasema, "sasa watu wote wa Doha wanakujua. Hata wale hawakujua softiboli, wanajua marehemu. Kwa nini wewe unalia?"

"Kwa sababu hawawezi kuomba off mara mbili. Na nani atakuja kuona mtu akipiga hewa?"

"Mimi nimecheka leo mpaka tumbo limeuma. Ningekuja tena. Ningelipa basi mwenyewe."

Akachukua simu yake akanielekezea, nikiwa na kikombe cha karak, machozi na kilemba cha kulala. "Marehemu anakunywa chai," akasema kwa sauti ya mtangazaji. Nikacheka chai ikatoka puani. Tukaiweka kwa peji hivyo hivyo.

Wiki hiyo tuliweka kitu kila siku. Marehemu anafua soksi. Marehemu anasimama kwa foleni ya basi. Marehemu anauliza kapteni kama anaweza kubadilishwa nafasi, na kapteni, ambaye sasa alikubali uso wake uonekane, anamjibu hapana. Sikuondoa rangi hata moja. Mwisho wa kila video niliweka maneno yale yale: mechi ya mwisho, Ijumaa, saa tisa, Al Thumama, vaeni nguo za furaha. Mama alipiga simu kulalamika kwamba namjaribu Mungu. Nikamwambia hali ya mambo, yote, watu ishirini na mstari mrefu. Kesho yake kulikuwa na komenti kwa peji kutoka kwa akaunti ya shangazi, imeandikwa na mama, najua kwa sababu haikuwa na nukta hata moja: "Watu wa Doha mimi ndio mzazi naomba muende muone huyo mtoto akimaliza kitu"

Nilitaka kuifuta. Rumeti wangu akaninyang'anya simu.

Ijumaa ya mwisho niliingia uwanjani nikiwa nimeshahesabu watu kwa viti vyote tukiwa bado tunafunga viatu. Saba. Mwalimu alikuwa ameanza, karatasi mpya. Mchezo ukaanza, nikawa kule nyuma kabisa, shingo imegeuka upande wa barabara, mpira ukanipita mara moja kapteni akaniita jina ambalo sitaandika. Kumi na moja. Yule askari wa "dada wa damu" akaja na wenzake wa chumba watatu, amevaa shati ya maua. Kina mama wa kwaya wakaja wanne tu, wengine walikuwa kazini, lakini ngoma walileta. Nikapoteza hesabu kwa sababu mpira ulikuja tena, na safari hii niliudaka, sijui vipi, ukaingia wenyewe kwa glavu kama umechoka kuzurura. Kelele ya viti ile! Mzee mwenyekiti alikuwa amesimama juu ya kiti, suti hana, ana fulana ya mpira wa miguu.

Tukafika zamu ya mwisho. Tuko nyuma kwa pointi moja, nafasi imebaki moja: mpigaji anayefuata akitoka, msimu umeisha. Kapteni alikuwa besi ya pili. Na mpigaji anayefuata, Mungu ana mambo, alikuwa mimi.

Kapteni aliweka mikono kichwani bila kujificha.

Mpira wa kwanza, hewa. Wa pili, hewa, na ukikosa wa tatu umetoka. "Marehemu! Marehemu!" viti vikaimba, na yule mrushaji akacheka kidogo, na nafikiri ni hicho kicheko kilichoharibu mkono wake kwa sababu wa tatu ulikuja polepole, mnene, kama mandazi. Nikaupiga. Nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia ukitoka kwangu. Nikakimbia. Nilipita besi ya kwanza, nikafika ya pili nikaikanyaga kwa miguu yote miwili, na mbele kapteni alikuwa amefika ya tatu, hatua chache arudi besi ya nyumbani tuwe sare. Msichana wa timu ile nyingine alipokea mpira waliomrushia wenzake akasimama karibu yangu, anahema, mpira kwa glavu.

Ndipo nikasikia mwalimu. Alikuwa amesimama mwisho wa safu ya viti, kofia imeanguka, anapeperusha karatasi kwa mikono yote miwili.

"Khalas!" akapiga kelele. "Ishirini na tatu! Umemaliza! Wewe! Umemaliza!"

Niliruka. Niliruka na miguu yote, mikono juu, nikazunguka, nikakimbia hatua tano kuelekea kwake nikilia kama mtoto. Nikahisi kitu laini kimenigusa mgongoni. Ilikuwa glavu. Yule msichana alinigusa kwa adabu sana, mpira ndani yake, hata akasema sorry.

Nilikuwa nimetoka kwa besi, na kwa mchezo huu ukiguswa na mpira ukiwa nje ya besi umetoka. Refa akainua ngumi. Msimu umeisha.

Viti havikujua tumeshindwa. Walishuka wote uwanjani na ngoma, wakanibeba, mwalimu katikati yao hana miwani hata mmoja. Rumeti wangu alikuwa ameinua simu juu, mama ndani yake anauliza nani amekufa tena. Kutoka juu ya mabega ya watu nilimwona kapteni amebaki peke yake kwa besi ya tatu, mikono kiunoni. Alikuja polepole, akapenya watu, akanivuta mguu mpaka nikashuka.

"Hongera," akasema. "Sasa chukua hizo rungu zote, na glavu, na maji, peleka kwa basi. Peke yako."

Nikabeba. Ilikuwa mizunguko minne.